Kwa nini pambano linalowaka Katuba hupoa kwenye skrini

Mieleka ya ulingoni, ile ambayo wengi wetu hapa Lubumbashi tunaiita kachi, ina tatizo linalowaumiza wote wanaoipenda. Uwanjani watu wanasimama juu ya viti, watoto wanakwea ukuta wa parseli ya jirani, akina mama wanamzomea mwanamieleka mbaya mpaka sauti zinawakauka. Kesho yake pambano lilelile likitazamwa kwenye televisheni au kwenye simu, unaona watu wawili wadogo wakisukumana katikati ya vumbi. Mtazamaji anavumilia dakika mbili, kisha anahamia kwingine. Waandaaji wakiulizwa husema pesa hakuna, taa hakuna, fataki kama za Marekani hakuna. Mimi naamini shida kubwa iko kwingine, na sehemu kubwa ya shida hiyo inatibika kwa kamera mbili na maandalizi ya wiki chache.

Kwanza tuondoe ubishi wa zamani: ndiyo, mshindi hupangwa kabla. Mwaka 1989 kampuni ya mieleka ya Marekani, WWF, ambayo leo ni WWE, ilieleza mbele ya Seneti ya jimbo la New Jersey kwamba mieleka yake ni burudani, ili iondolewe chini ya usimamizi wa tume ya michezo ya jimbo hilo. Wapo waliodhani siri ikitoka biashara itakufa. Mwaka 1999 kampuni hiyohiyo iliingia kwenye soko la hisa. Watu walijua, na waliendelea kutazama.

Mji wetu ungepaswa kulielewa jambo hili kuliko miji mingi. Mufwankolo na kundi lake la maigizo walifanya kazi kwa namna hiyohiyo, redioni, jukwaani na kwenye televisheni: walikubaliana kisa kinaanzia wapi na kinaishia wapi, halafu kila mchezaji akatafuta maneno yake papo hapo, kwa Kiswahili chetu, akisikiliza wenzake na watu waliokaa mbele yake. Wanamieleka wawili hufanya vilevile. Wanajua nani atalazwa chini mwisho, wanajua mapigo mawili matatu makubwa yatakayotangulia, na yaliyobaki wanayatunga ulingoni huku wakisikiliza uwanja. Umati ukipoa, anayeigiza mbaya anaongeza ukorofi. Umati ukichemka, anayeigiza mwema anaachwa ainuke. Mtazamaji anayejua kwamba yote yamepangwa bado hajui mambo mawili yanayomkalisha: mshindi atashindaje, na ushindi huo utamgharimu nini.

Sasa tatizo la televisheni. Aliyeko uwanjani anasukumwa na bega la jirani yake, anasikia mbao za ulingo zikilia, anaona jasho. Aliyeko nyumbani hana kimojawapo. Ushahidi mkubwa wa jambo hili ulipatikana mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, WWE ilipolazimika kufanya WrestleMania, onyesho lake kubwa la mwaka, katika ukumbi wa mazoezi huko Orlando bila mtazamaji hata mmoja. Walikuwa na taa, kamera na wanamieleka walewale wa siku zote. Ngumi zikasikika kama makofi ya mchezo, na mtu akiinuka kutoka chini kishujaa, anainuka mbele ya viti vitupu. Pambano lililosifiwa zaidi usiku ule, la wanamieleka Undertaker na AJ Styles, halikufanyika ulingoni kabisa. Lilipigwa picha kama sinema, usiku, katika mandhari ya makaburini, na muziki ukawekwa juu yake. Ina maana kwamba ukimkosa mtazamaji wa uwanjani, inakubidi utengeneze kitu kingine cha kuchukua nafasi yake.

Sisi, watazamaji wa uwanjani tunao, tena wa moto. Shida ni kwamba wapigapicha wetu wanawapa mgongo.

Niliwahi kutazama pambano la jioni kwenye mtaa wetu wa Katuba ambapo mbaya alikuwa amemwagia mwenzake maji ya chupa usoni na kumkanyaga mkono. Mama mmoja wa makamo akainuka kwenye kiti cha plastiki, akavua kandambili moja, akatembea polepole mpaka kwenye kamba za ulingo akiwa ameiinua juu. Yule jitu akamwona. Akarudi nyuma hatua tatu, akaunganisha viganja vyake viwili kuomba msamaha, akapiga goti. Uwanja mzima ulianguka kicheko, na mwema akapata nafasi ya kuinuka. Siku chache baadaye nikaiona video yake. Kamera ilikuwa imemng'ang'ania aliyelala chini. Kicheko kinasikika, na mtazamaji hajui kimetoka wapi. Kipande bora cha jioni ile hakikuingia.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni mahali pa kuweka kamera. Kwenye maonyesho makubwa kuna kamera kuu moja, imeinuliwa juu ya jukwaa upande mmoja wa ulingo, na haihami. Wanamieleka hufundishwa mapema kujua iko upande gani. Akikabwa shingo, anageuza uso kuielekea. Akitaka kujisifu, anajisifu kuielekea. Na watazamaji hujazwa kwanza upande unaotazamana na kamera hiyo, kwa sababu ndio utakaoonekana nyuma ya wapiganaji muda wote. Hili ni jambo ambalo mwandaaji wa hapa anaweza kulifanya Jumamosi ijayo bila kuongeza hata faranga moja: akiwa na watu mia mbili, asiwatawanye pande nne. Awaweke upande mmoja, karibu na kamba, mbele ya kamera. Watu mia mbili waliobanana huonekana kama uwanja uliojaa, na watu elfu walio nyuma ya mpigapicha hawamsaidii kitu aliyeko nyumbani.

Kamera ya pili inakaa mikononi mwa mtu anayetembea kando ya ulingo. Kazi yake ni nyuso: ya anayeumia, ya anayeumiza, ya mtoto aliyefumba macho, ya mzee anayetikisa kichwa. Ikae upande uleule wa kamera kuu. Ikivuka kwenda ng'ambo, aliyekuwa kushoto anaonekana kulia, na mtazamaji anapoteza sekunde mbili akijiuliza nani ni nani. Na mpigapicha apige magoti. Picha ikichukuliwa kutoka chini, mtu wa mita moja na sabini anakuwa mlima. Ikichukuliwa kutoka juu, hata jitu linapungua.

Uzito wa uso ulionekana New Orleans tarehe 6 Aprili 2014. Undertaker alikuwa ameshinda mara 21 kwenye WrestleMania bila kushindwa hata mara moja, na watu walikuwa wamezoea kwamba hilo halitabadilika. Brock Lesnar akamlaza, refa akapiga mkono chini mara tatu. Kamera zikageukia watazamaji, na kati yao mwanamume mmoja ametoa macho, mdomo wazi, kama aliyeletewa habari ya msiba. Uso ule ulizunguka dunia nzima. Waulize waliotazama wakueleze pigo lenyewe lilikuwaje, wengi watababaika. Uso ule wanaukumbuka.

Kuhusu kukata picha kutoka kamera moja kwenda nyingine, nina msimamo. Kwa miaka mingi WWE, chini ya mtayarishaji wake Kevin Dunn, ilikuwa na desturi ya kubadilisha kamera kila pigo linapotua, ili pigo lionekane na nguvu zaidi. Mbinu hiyo inafanya kazi, lakini ilizidishwa mpaka macho yakachoka. Dunn alipoondoka mwishoni mwa 2023, picha zilianza kutulia, na kamera ikawa inaweza kumfuata mwanamieleka kutoka chumba cha kubadilishia nguo mpaka ulingoni bila kukatwa. Vijana wetu wanaounganisha video kwenye simu wanaiga ule mtindo wa zamani, mkato kila sekunde, na juu yake wanaweka michoro ya moto. Waache mwili uonekane ukiruka, ukitua na kuumia. Maumivu yanahitaji muda.

Sauti ni fupi kueleza. Sakafu ya ulingo ni mbao zilizolazwa juu ya vyuma, na juu yake godoro jembamba na turubai. Ule mshindo wa mtu akianguka hutoka kwenye mbao hizo, na ndiyo maana maonyesho makubwa huweka kipaza sauti chini ya ulingo. Kwetu spika za muziki hupigwa tangu mwanzo hadi mwisho, na mshindo wote unamezwa. Muziki upigwe mtu anapoingia na anapotoka. Katikati, tusikie mbao na watu.

Hapa lazima niseme juu ya dawa na uganga, kwa sababu mieleka ya Kongo haiwezi kuelezwa bila hayo. Kinshasa imekuwa na wanamieleka wa aina hiyo kwa miaka mingi, na Edingwe Moto na Ngenge ndiye aliyejulikana zaidi: mpinzani anaelekezewa mkono, analegea, anaanza kucheza au kuanguka bila kuguswa. Uwanjani, kwa mbali, kukiwa na ngoma na vumbi, hilo linatisha na kuchekesha kwa pamoja. Kamera ikilisogelea, linakufa. Mtazamaji anaona vidole, anaona kitambaa kilichofichwa, anaona jicho la mpinzani likisubiri zamu yake. Wengi wanasema basi uganga utolewe kwenye televisheni. Mimi sikubali, maana hiyo ni mali yetu na hakuna mwingine aliye nayo. Kinachotakiwa ni kugeuza kamera. Mganga aonyeshwe kwa mbali, na uso wa anayerogwa uonyeshwe kwa karibu. Undertaker alikaa miongo mitatu kwenye televisheni akiwa mfu anayetembea, na silaha yake kubwa ilikuwa mlio wa kengele na taa kuzimwa. Hofu ilikuwa imeshaingia kabla hajaonekana.

Lakini kamera nzuri na sauti nzuri vitampa mtazamaji nini kama hajui hawa wawili wanapigania nini? Hapa ndipo naona pengo kubwa kuliko yote, na hapa ningekaa mwaka mzima kama ningekuwa mwandaaji.

Tarehe 5 Februari 1988, wanamieleka Hulk Hogan na André the Giant walipigana kwenye kituo cha televisheni cha NBC, na watu milioni 33 walitazama Marekani. Ugomvi wao ulikuwa umeanza mwaka mmoja kabla, kwenye mahojiano tu. André, aliyekuwa rafiki wa Hogan, alimshika kifuani akamchania fulana, na mnyororo wake wa msalaba ukakatika. Hakuna aliyerushwa, hakuna aliyepigwa kiti. Rafiki amemvunjia rafiki msalaba wake, na kila aliyekuwa mbele ya televisheni akaelewa, hata asiyejua jina la pigo moja la mieleka.

Mexico wana njia yao. Kule mwanamieleka mwenye kofia ya kuficha uso anaweza kuiweka rehani: akishindwa, anavuliwa mbele ya watu na uso wake unajulikana milele. Asiye na kofia huweka nywele zake. El Santo, mkubwa wao, alificha uso wake kwa zaidi ya miaka arobaini. Januari 1984 aliiinua kofia kidogo kwenye kipindi cha televisheni, uso ukaonekana nusu, na siku chache baadaye akafariki. Nchi ilikuwa imesubiri kitendo kile cha sekunde chache kwa miongo. Mkanda wa ubingwa wa bati ambao kila mwandaaji hujitengenezea hauwezi kuleta uzito huo. Mtazamaji anataka kuona kitu ambacho kikipotea hakirudi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mwanamieleka wa Marekani Dusty Rhodes, mtoto wa fundi bomba, mnene, mwenye madoa mwilini, asiyefanana na shujaa yeyote. Mwaka 1985 alisimama mbele ya kamera na kipaza sauti, hakupigana na mtu, akaongea juu ya wafanyakazi wa viwanda vya nguo walioachishwa kazi na mafundi wa magari walioambiwa warudi nyumbani. Alimwambia mpinzani wake tajiri kwamba maisha magumu ni hayo. Watu wanaijua hotuba ile hadi leo. Sasa niambie, je, kuna mji duniani unaoweza kuielewa kuliko mji huu? Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, iliwaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mkupuo katika miaka ya 2003 na 2004. Kuna vijana wanaopigana mieleka leo ambao baba zao walikuwa kwenye orodha ile. Wakipewa kipaza sauti, wanapiga kelele kwamba watamvunja mtu mbavu. Hakuna aliyewaambia kwamba wanaweza kukaa kwenye kizingiti cha nyumba yao katika mitaa yetu ya Kenya au Ruashi, wakataja kazi aliyokuwa akifanya baba, na kusema kwa sauti ya kawaida kwa nini hawatapiga goti mbele ya mtu anayewadharau. Dakika mbili za namna hiyo, zikionyeshwa wiki moja kabla ya pambano, zina nguvu kuliko mapigo kumi.

Ishara nayo husaidia. Mwaka 2010 klabu yetu ya mpira, TP Mazembe, ilipofika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu huko Abu Dhabi, dunia ilimkariri kipa wake Robert Kidiaba kwa kule kuruka kwake akiwa amekaa chini, timu yake inapofunga goli. Mtu asiyejua Lubumbashi iko wapi alijaribu kuruka hivyo sebuleni kwake. Kila mwanamieleka anahitaji kitu kimoja cha mwili kama hicho, kinachoigwa na watoto barabarani.

Mtangazaji ndiye anayeunganisha yote haya, na watangazaji wetu wana deni. Mtazamaji anaona mwenyewe kwamba mtu ametupwa, hakuna haja ya kumwambia. Amwambie mkono ule uliumizwa wiki iliyopita na nani. Watangazaji wa WWF, Gorilla Monsoon na Bobby Heenan, walipendwa kwa sababu mmoja alisimama na haki na mwingine akamtetea mbaya bila aibu, na ugomvi wao ukawa mchezo wa pili juu ya ule wa ulingoni. Wawekwe wawili, waongee Kiswahili cha mjini kama kinavyoongewa kwenye kijiwe cha mpira, na wanyamaze uwanja unapolipuka.

Halafu wasimdanganye mtazamaji. Tarehe 4 Januari 1999, kampuni ya WCW, iliyokuwa imeishinda WWF kwa watazamaji wiki 83 mfululizo kabla ya mambo kugeuka, iliahidi pambano la ubingwa kati ya Hogan na Kevin Nash. Hogan akamgusa Nash kifuani kwa kidole kimoja, Nash akajiangusha, na ubingwa ukabadilisha mikono. Usiku huohuo mtangazaji wao alikuwa ametoboa kwa dhihaka kwamba kwenye kituo cha pili, kilichoonyesha WWF, Mick Foley angetwaa ubingwa. Kaya kwa maelfu zilihama papo hapo kwenda kumtazama Foley, ambaye uso wake ulikuwa na makovu na ambaye kila mtu alitamani apate. Miaka miwili baadaye, Machi 2001, WCW ilinunuliwa na mpinzani wake.

Limebaki suala la saa na urefu. Uingereza ilionyesha mieleka kwenye kituo cha ITV Jumamosi saa kumi jioni kwa miaka mingi, mpaka familia zikapanga chai yao kwa saa hiyo. Mwaka 1974 hapa kwetu, pambano la ngumi la Ali na Foreman lilianza Kinshasa alfajiri saa kumi, kwa sababu Wamarekani walitakiwa kulitazama usiku wao. Sisi hatuna haja ya kumwamsha mtu alfajiri. Tuna umeme unaokatika na vifurushi vya intaneti vinavyokwisha upesi, kwa hiyo kipindi cha saa tatu, kama ambavyo Raw, kipindi cha kila wiki cha WWE, ilikuwa tangu 2012 kwa miaka mingi, hakitufai. Ningependekeza dakika arobaini kwenye televisheni ya mjini, siku ileile na saa ileile kila wiki, zenye mapambano mawili tu na mazungumzo matatu. Baadaye video ikatwe vipande vya dakika moja na nusu kwa ajili ya simu, kila kipande kikianza na uso na kuishia kabla jibu halijatolewa, ili anayekipokea kwenye kikundi cha familia aulize: na Jumamosi watarudiana?